Mbao za Nje Huuawa na Maji, Si Umri

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi wetu tukiisikia methali hiyo huwaza nyumba ya mawe au ya udongo, ilhali anayepaswa kuikumbuka zaidi ni yule aliyejenga kwa mbao na kuziacha nje, juani na mvuani.

Siku hizi baraza ya mbao si kitu cha hoteli za Watamu na Diani peke yake, wala cha kambi za watalii huko mbugani. Imeingia katika nyumba za watu wa kawaida. Mbao hupigiliwa juu ya boriti, zikaachiwa mianya midogo katikati, na familia ikapata mahali pa kunywea chai ya jioni na pa watoto kuchezea. Hata asiye na baraza huenda ana benchi chini ya mwembe, ngazi, lango, au mlango unaopigwa na mvua. Haya tutakayoyasema yanamhusu naye pia.

Taabu huanza baada ya misimu miwili mitatu ya mvua. Mbao zilizokuwa na rangi ya kupendeza hugeuka kijivu. Asubuhi huteleza kama zimemwagiwa sabuni. Watoto hurudi ndani wakilia kwa sababu ya vibanzi vilivyowachoma nyayoni. Mwenye nyumba hutikisa kichwa, akasema mbao zimezeeka, naye huanza kuhesabu pesa za kununua nyingine. Mara nyingi huwa amekata tamaa mapema mno.

KWA NINI MBAO HUHARIBIKA

Ubao ni kipande cha mti, na mti uliumbwa kupitisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Ukitazama kichwa cha ubao, pale palipokatwa kwa msumeno, ni kama unatazama mirija mingi myembamba iliyofungwa pamoja. Ndiyo sababu kichwa cha ubao hunywa maji upesi kuliko ubavu wake, na ndiyo sababu mbao nyingi huanza kuoza kutoka nchani.

Maji yakiingia, ubao huvimba. Jua likiukausha, hunywea. Kuvimba na kunywea huko kwa kila siku hufungua nyufa, nazo nyufa huruhusu maji zaidi. Ubao ukikaa na unyevu kwa muda mrefu, kuvu wa kuozesha hupata makao. Wataalamu wa mbao hukadiria kwamba kuvu hao hawastawi ikiwa unyevu wa ubao uko chini ya asilimia 20 ya uzito wake ukiwa mkavu.

Jua nalo lina kazi yake. Miale yake huvunja ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, ambayo wanasayansi huiita lignini. Mvua huja ikaiosha, na zinazobaki ni nyuzi tupu za rangi ya kijivu. Lakini ikumbukwe kwamba kijivu hicho si uozo. Ni ngozi ya juu tu, na chini yake mara nyingi kuna mbao nzima kabisa.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, mafuta hayapakwi ili baraza ing'ae machoni pa wageni. Yanapakwa ili yajaze mirija ile, maji yakija yakose nafasi.

SOMO KUTOKA KWA WAUNDA MAJAHAZI

Ikiwa kuna watu wanaoyajua mapambano ya mbao na maji, ni mafundi wa vyombo vya bahari wa pwani yetu, kama wale wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu. Jahazi hukaa majini mchana na usiku, na sitaha yake hupigwa na jua kali pamoja na maji ya chumvi. Hata hivyo chombo kilichotunzwa vizuri humtumikia mwenyewe kwa miaka na mikaka.

Mafundi hao huziba mianya kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta ikapigiliwa katikati ya mbao. Sehemu ya chini inayozama majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mbao za juu kwa desturi zilipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa. Harufu ya sifa humfanya mgeni azibe pua, lakini kazi yake inajulikana.

La kuzingatia zaidi ni kwamba kazi hiyo haifanywi mara moja chombo kinapokuwa kipya, ikaisha. Chombo hupandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikaachwa kikauke, kisha kikapakwa upya. Mwenye chombo hangoji mbao zioze ndipo amwite fundi. Hakuna haja ya kuleta sifa nyumbani, kwani majirani watakuja juu. Lakini utaratibu wa kusafisha, kukausha, kupaka na kurudia unafaa baraza ya nyumbani vilevile.

KAGUA KABLA YA KUOSHA

Kabla ya kushika ndoo, chukua bisibisi uikague baraza. Dunga kila ubao, hasa nchani, karibu na misumari, na pale ubao unapokutana na ukuta. Ubao mzima hukataa kudungwa. Ulioooza huacha bisibisi iingie kama inaingia kwenye mkate. Ubao wa namna hiyo haufai kupakwa mafuta, bali kung'olewa.

Usiishie juu. Inama uangalie chini, kwenye boriti na nguzo, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba watu. Tarehe 16 Juni mwaka 2015, katika mji wa Berkeley, jimbo la California nchini Marekani, roshani ya jengo la ghorofa ilivunjika wakati wa karamu ya wanafunzi. Vijana 6 walikufa na wengine 7 wakajeruhiwa. Wakaguzi waligundua kwamba boriti za mbao zilizoishikilia roshani hiyo zilikuwa zimeozeshwa na maji yaliyonaswa ndani. Jengo lenyewe lilikuwa jipya, halikuwa limefikisha hata miaka 10. Aliyesimama juu yake hangeweza kuona chochote.

Kwa hiyo baraza yako ikiwa imeinuka juu ya ardhi, na boriti moja ikionyesha ulaini, wazuie watu kuikanyaga hadi seremala aitazame.

Wakati huohuo pigilia misumari iliyochomoza, au bora zaidi, ing'oe uweke skrubu zisizoshika kutu. Ondoa udongo uliorundikana kwenye nguzo, maana ndiyo njia ya mchwa. Mafuta hayamzuii mchwa, naye hupenda sana mahali ambapo udongo umegusana na mbao.

KUOSHA

Ondoa viti, mikeka na vyungu vya maua. Fagia vizuri, kisha kwa kisu kisicho na makali au kijiti kigumu, toa majani na takataka zilizokwama katika mianya. Uchafu huo hushika maji kama sponji na kuozesha mbao kutoka ubavuni.

Chukua maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Lowesha mbao, acha sabuni ikae kwa dakika 10 hivi, kisha sugua kwa brashi ngumu ya nyuzi ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Usitumie brashi ya waya. Vipande vyake huvunjika na kubaki katika mbao, na baadaye huacha madoa meusi ya kutu. Wenye mashine za kuoshea magari kwa nguvu ya maji nao wawe waangalifu. Zikisogezwa karibu, huchimba mbao na kuzitoa manyoya.

Penye ukungu wa kijani au mweusi usiokubali sabuni, unaweza kutumia kiasi kidogo cha ile dawa ya kufanyia nguo nyeupe ambayo wengi huiita jiki. Itie katika maji mengi, ipake mahali palipoathirika tu, na baada ya dakika chache suuza sana. Ikizidi, hudhoofisha nyuzi za mbao na kuunguza majani ya bustani. Zaidi ya yote, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo wala dawa nyingine yoyote. Mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu.

Watoto wanaweza kusaidia kufagia na kusugua kwa sabuni. Dawa hiyo isiwe kazi yao.

SUBIRA YA KUKAUSHA

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Huosha asubuhi, wakapaka mafuta alasiri kwa sababu mbao zinaonekana kavu. Juu ni kavu, ndani kuna maji. Mafuta yakipakwa juu ya unyevu hayaingii, na yakiingia kidogo huyafungia maji humo humo.

Ngoja siku 2 au 3 za jua. Sehemu za baridi kama Limuru, hasa mwezi Julai wenye ukungu na manyunyu, ngoja hata wiki nzima, au afadhali uahirishe kazi yote.

Mbao zikishakauka, pitisha msasa namba 80 kufuata nyuzi, hadi ile ngozi ya kijivu na vibanzi viondoke. Msasa laini sana haufai kwa sakafu ya nje, kwa kuwa huziba vinyweleo na mafuta yakashindwa kuingia. Fagia vumbi lote. Jifunge kitambaa au barakoa puani, hasa ikiwa mbao zilitiwa dawa kiwandani na zina rangi ya kijanikijani. Dawa iliyotumiwa mara nyingi kwa nguzo na mbao za namna hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vyake visitiwe mekoni kuwa kuni, kwani moshi na majivu yake ni sumu.

Kisha fanya jaribio rahisi. Dondosha matone machache ya maji juu ya ubao. Yakizama ndani baada ya dakika chache, mbao ziko tayari kunywa mafuta. Yakibaki juu kama shanga, bado kuna mafuta au vanishi ya zamani, na itabidi urudie msasa.

MAFUTA GANI?

Swali hili lina majibu mengi mitaani, na baadhi yake ni ya hatari.

Kuna mafuta yanayokauka na yasiyokauka. Mafuta ya kitani, ambayo madukani huuzwa kwa jina la linsidi, huungana na hewa yakawa magumu ndani ya mbao. Mafuta ya nazi na mengi ya yale ya kupikia hayakauki hivyo. Yakipakwa sakafuni hunata, yakashika vumbi, yakavunda na kuwaalika sisimizi. Yaache jikoni.

Mafuta ya kitani yako ya namna mbili. Mabichi huchukua siku nyingi kukauka, pengine wiki. Yale yanayoitwa ya kuchemshwa yametiwa dawa ya kuharakisha, na hukauka kwa siku moja au mbili. Kasoro ya mafuta ya kitani nje ya nyumba ni kwamba ukungu huyapenda. Kwa hiyo, ikiwa mfuko unaruhusu, nunua mafuta maalumu ya mbao za nje, ambayo yametiwa dawa ya ukungu. Chagua yenye rangi kidogo ya kahawia kuliko yasiyo na rangi kabisa, kwa kuwa rangi hiyo ndiyo inayoikinga mbao dhidi ya jua.

Je, vanishi? Vanishi hukaa juu ya mbao kama ngozi. Ndani ya nyumba inafaa sana. Nje, ubao unapovimba na kunywea, ngozi hiyo hupasuka, maji yakaingia chini yake na kushindwa kutoka. Mwishowe inabidi kuikwangua yote. Mafuta hayabambuki. Yanapungua tu, nawe unaongeza.

Sasa tuje kwa oili chafu, yale mafuta meusi yanayomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Wengi huyapaka kwenye nguzo za ua na kuta za mbao, kwa kuwa hupatikana kwa bei ya chini au bure katika gereji, na huaminika kufukuza mchwa. Mpenzi msomaji, usiyapake mahali wanapokaa watu. Mafuta hayo yamebeba chembe za metali kutoka kwenye injini pamoja na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani. Hayakauki. Mtoto anayetambaa juu yake huyabeba kwa viganja hadi mdomoni, na mvua huyaosha hadi kwenye sukuma wiki na kisimani. Kile unachookoa kwa kutonunua mafuta hakilingani na hatari hiyo.

NAMNA YA KUPAKA

Chagua siku isiyo na mvua, asubuhi umande ukishakauka au alasiri jua likishapungua makali. Jua la saa sita hukausha mafuta juu kabla hayajazama.

Koroga mafuta vizuri. Anza kwenye vichwa vya mbao, uvipe mafuta hadi vikinai. Kisha paka ubao mmoja baada ya mwingine, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuacha katikati, ukianzia ukutani na kurudi nyuma kuelekea kwenye ngazi usije ukajifungia kona.

Tabaka iwe nyembamba. Baada ya dakika 15 hadi 20, pangusa kwa kitambaa mafuta yote yaliyobaki juu. Hatua hii hairukwi. Mafuta yasiyozama hayafai kitu. Yatanata, na mgeni atanyanyuka kitini akiwa na doa katika nguo zake. Paka tabaka ya pili kesho yake, au kama kopo linavyoelekeza, na baada ya hapo iache baraza ipumzike kwa siku 2 au 3 kabla ya kurudisha viti.

Kwa kukadiria, lita moja hutosha kama mita 10 za mraba za mbao laini. Baraza ya mita 3 kwa 4, yenye mita 12 za mraba, itahitaji lita mbili na nusu hivi kwa tabaka mbili. Mbao za saiprasi au msonobari hunywa mafuta mengi kuliko mvule au msaji, ambazo ni ngumu na nzito.

MATAMBARA YANAYOJIWASHA MOTO

Jambo la mwisho huwashangaza wengi. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Yakiwa yametandazwa juu ya ubao, joto hilo hupotea hewani. Lakini tambara lililolowa mafuta likifinyangwa na kutupwa pembeni, joto hukusanyika ndani yake hadi likashika moto lenyewe, bila kiberiti wala sigara.

Hiki si kitisho cha bure. Tarehe 23 Februari mwaka 1991, jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 katika mji wa Philadelphia, Marekani, lilishika moto. Chanzo kilikuwa matambara yenye mafuta ya kitani, yaliyoachwa katika ghorofa ya 22 na mafundi waliokuwa wakitengeneza mbao za ukutani. Wazima moto 3 walipoteza maisha, na jengo hilo halikutumiwa tena hadi lilipobomolewa mwaka 1999.

Basi ukimaliza kazi, yatandaze matambara yako nje, moja moja, sakafuni au kwenye kamba, mbali na nyumba, hadi yawe makavu na magumu. Au yatose ndani ya ndoo ya bati yenye maji. Usiyarundike stoo, wala usiyatie katika mfuko wa plastiki.

KALENDA YA MWAKA

Kwa sehemu kubwa ya nchi yetu, mvua ndefu huja kuanzia Machi hadi Mei, na zile fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati mzuri wa kazi kubwa ni mwezi Februari, mbao zikiwa zimekaushwa na jua na mvua ndefu hazijaanza. Septemba rudia lile jaribio la matone, na pale yanapozama uongeze tabaka moja. Kati ya nyakati hizo, fagia kila wiki, na vyungu vya maua viinuliwe juu ya vigingi vidogo ili hewa ipite chini yake.

Kazi yote hii ni siku chache kwa mwaka. Ilinganishe na gharama ya kung'oa na kujenga upya. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mbao zikapanda bei kila mahali. Ingawa mwaka 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa amri hiyo, mvule uliokomaa haupandwi leo ukavunwa kesho. Aliye na mbao nzuri chini ya miguu yake ana mali, na anachohitaji ili aendelee kuwa nayo ni brashi, makopo machache ya mafuta, na siku tatu za jua.